Mgema Aliyesifiwa: Maisha ya Bondia Max Schmeling

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii tumefunzwa tangu shule ya msingi, na kwa kawaida mwalimu anapomaliza kuifafanua, lawama zote huwa zimemwangukia mgema. Yeye ndiye aliyeharibu tembo. Yeye ndiye aliyelewa sifa kabla wateja hawajalewa kinywaji chake. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza waliomsifu walikuwa akina nani, walimsifu kwa nia gani, na walikwenda wapi tembo lilipoharibika.

Makala haya yananuia kuuliza maswali hayo kwa kuyatazama maisha ya Max Schmeling, bondia wa Ujerumani aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzani mzito kati ya 1930 na 1932. Mwenye kutaka kumwelewa mtu huyu anaweza kuanzia ulingoni, maana huko ndiko alikopatia jina. Hapa, hata hivyo, tutaanzia katika sinema. Mapema mwaka 1930 ilitolewa nchini Ujerumani filamu iitwayo Liebe im Ring, yaani Mapenzi Ulingoni. Ilikuwa miongoni mwa filamu za mwanzo za sauti nchini humo, na leo ni nadra mtu kubahatika kuiona. Kisa chake ni chepesi. Kijana bondia anapanda ngazi ya ushindi hadi anapata umaarufu. Umaarufu unamlevya, anamwacha mchumba wake mwaminifu na kumfuata mwanamke wa tabaka la juu, na nusura aipoteze kazi yake. Mwishowe anazinduka na kurejea kwa yule aliyempenda kabla ya makofi na vifijo.

Mhusika mkuu wa kisa hicho anaitwa Max, na aliyemwigiza ni Max Schmeling mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 24. Kijana aliyekuwa anaanza kuonja umaarufu alipewa nafasi ya kuigiza mtu aliyeharibiwa na umaarufu. Swali linalotuongoza ni hili: je, maisha yake yalifuata msuko wa filamu hiyo?

Makuzi Yake

Maximilian Adolph Otto Siegfried Schmeling alizaliwa tarehe 28 Septemba 1905 katika kijiji cha Klein Luckow, kaskazini mashariki mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa baharia, na Max alikulia katika mji wa bandari wa Hamburg. Familia yao haikuwa na mali. Mtoto wa baharia alitarajiwa kusoma kiasi, kupata ajira na kusaidia nyumbani.

Kilichobadili mkondo wa maisha yake ni filamu. Mnamo Julai 1921, Jack Dempsey wa Marekani alipigana na Georges Carpentier wa Ufaransa kuwania ubingwa wa dunia. Pambano hilo lilipigwa picha, na picha zake zikasafirishwa hadi Ulaya. Schmeling alipelekwa na baba yake kuzitazama. Wakati huo filamu zilikuwa bubu. Hapakuwa na mlio wa kengele wala kishindo cha ngumi. Hata hivyo, kijana huyo alitoka katika ukumbi ule akiwa ameamua atakuwa nani. Alianza kufanya mazoezi, akaondoka Hamburg kuelekea eneo la mto Rhine ambako mchezo wa ndondi ulikuwa umeshika mizizi, na mnamo Agosti 1924 akapigana kwa mara ya kwanza kama bondia wa kulipwa.

Alipanda haraka. Mwaka 1926 alitwaa ubingwa wa Ujerumani katika uzani ulio hatua moja chini ya uzani mzito, na mwaka uliofuata akatwaa ubingwa wa Ulaya katika uzani huohuo. Mwaka 1928 alihamia uzani mzito na kumshinda Franz Diener, akawa bingwa wa taifa lake. Hakuwa bondia wa kurusha ngumi ovyo. Alikuwa mtulivu, mwenye kumsoma mpinzani wake kama mwanafunzi asomavyo kitabu cha mtihani, akisubiri kosa moja ili alipige kwa konde lake la kulia.

Berlin ya miaka hiyo ilikuwa jiji la wasanii, na wasanii hao waliwapenda mabondia. Mchoraji George Grosz alimchora Schmeling. Rudolf Belling alimchonga sanamu. Alikaribishwa katika majumba ya sanaa na meza za waandishi, naye, mtoto wa baharia asiye na elimu ya juu, aliketi, akasikiliza na kujifunza. Huo ulikuwa umaarufu wa aina ya kwanza aliouonja. Waliomsifu walimwona kama kielelezo cha zama mpya: mwili wenye nguvu, akili tulivu, mtu aliyejijenga mwenyewe. Sifa zao hazikumdai mengi.

Mapenzi Ulingoni

Ni katika mazingira hayo ndipo Reinhold Schünzel alipoiongoza Liebe im Ring. Ili kuelewa ujasiri wa kumpa bondia nafasi ya mhusika mkuu, yafaa tukumbuke kwamba sinema ilikuwa katika kipindi cha mageuzi makubwa. Kwa miaka mingi mwigizaji alihitaji uso na mwili tu. Ghafla akahitaji pia sauti, matamshi na uwezo wa kusema maneno mbele ya kinasasauti. Waigizaji wengi waliotukuka katika filamu bubu walianguka kwa sababu sauti zao hazikulingana na sura zao. Schmeling hakuwa mwigizaji wa kusomea, lakini katika filamu hiyo alizungumza na hata kuimba wimbo kuhusu moyo wa bondia. Kando yake walikuwapo waigizaji wawili wa kike waliokuwa na majina makubwa: Renate Müller na Olga Tschechowa.

Mwanafunzi wa fasihi atagundua upesi kwamba msuko wa filamu hii si mgeni. Ni hadithi ya mpotevu anayerudi nyumbani. Katika hadithi za namna hii, umaarufu huchukuliwa kuwa kishawishi kinachomkabili mtu binafsi. Kishawishi hicho huvaa sura ya mwanamke mrembo, ya pombe au ya pesa, na mhusika hutakiwa kuchagua kati ya wema na uovu. Akishachagua wema, mambo yote hunyooka. Nje ya ulingo na nyumba za matajiri hakuna serikali, hakuna siasa, hakuna dunia. Udhaifu wa filamu ni kwamba inamwonya bondia dhidi ya adui mmoja tu, yaani nafsi yake. Adui aliyekuwa akimsubiri Schmeling hakumo kabisa katika kisa hicho.

Ubingwa Ulioletwa na Lawama

Mwaka 1928 Schmeling alikuwa amevuka bahari kwenda Marekani, kwa maana bondia yeyote aliyetaka ubingwa wa dunia alilazimika kupitia New York. Huko alipata meneja aliyeitwa Joe Jacobs, Myahudi wa New York, mfupi wa kimo, mwingi wa maneno na mvuta sigara asiyechoka. Mwaka 1929 Schmeling aliwashinda Johnny Risko na Paulino Uzcudun. Kwa kuwa Gene Tunney alikuwa amestaafu na kukiacha kiti cha ubingwa kitupu, ilibidi Schmeling akutane na Jack Sharkey ili apatikane bingwa mpya.

Pambano lilifanyika tarehe 12 Juni 1930 katika uwanja wa Yankee, mbele ya umati wa watu wapatao 80,000. Sharkey alikuwa anaongoza. Katika raundi ya nne alimpiga Schmeling chini ya mkanda, na Mjerumani huyo akaanguka akigaagaa kwa maumivu. Jacobs aliruka ulingoni akipiga kelele kudai haki. Baada ya mvutano, Sharkey aliondolewa kwa kuvunja sheria, na Schmeling akatangazwa bingwa wa dunia. Hakuna bondia mwingine katika historia aliyeutwaa ubingwa wa uzani mzito kwa njia hiyo.

Kwa hiyo, taji alilolitamani tangu utotoni lilimjia likiwa na doa. Wamarekani walimdhihaki, na hata kwao Ujerumani wapo waliomkejeli kwamba alishinda akiwa amelala chini. Alilisafisha taji hilo kwa kiasi fulani mwaka 1931 alipomshinda Young Stribling huko Cleveland katika raundi ya 15. Kisha, tarehe 21 Juni 1932, akarudiana na Sharkey. Mara hii walipigana hadi mwisho, na waamuzi wakampa Sharkey ushindi kwa kura zisizokubaliana. Wengi waliotazama waliamini kwamba Schmeling ndiye aliyeshinda. Aliposhinda alidharauliwa, na aliponyang'anywa akapendwa. Mtu anayepitia mambo hayo mawili katika muda wa miaka miwili hujifunza kwamba makofi ya umati hayapimi thamani yake.

Sauti ya Kuazima

Mwaka 1933 ulileta mambo matatu. Mnamo Januari, Adolf Hitler alishika madaraka nchini Ujerumani. Mnamo Juni, Schmeling alishindwa huko New York na Max Baer, aliyepanda ulingoni akiwa na nyota ya Daudi kwenye bukta yake. Mnamo Julai, Schmeling alifunga ndoa na Anny Ondra, mwigizaji wa Kicheki.

Ondra anastahili kutajwa kwa undani kidogo. Mwaka 1929 aliigiza katika Blackmail, filamu ya Alfred Hitchcock iliyoanza kupigwa ikiwa bubu kisha ikageuzwa kuwa ya sauti. Lafudhi yake ya Kicheki haikulingana na msichana wa London aliyemwigiza. Teknolojia ya kubandika sauti baadaye ilikuwa bado changa. Kwa hiyo mwigizaji mwingine, Joan Barry, alisimama nje ya upeo wa kamera akiyasema maneno, huku Ondra akichezesha midomo. Watazamaji waliuona uso wa Ondra na kuisikia sauti ya mwingine.

Hali hiyohiyo ilimkuta mumewe, ingawa nje ya sinema. Utawala wa Nazi ulihitaji miili ya kuonyesha ubora wa kile ulichokiita taifa la Waarya, na Schmeling alikuwa na mwili, jina na heshima ng'ambo. Alialikwa mezani kwa wakubwa. Hakuwahi kujiunga na chama cha Nazi, lakini hakukataa kupigwa picha na viongozi wake. Mwaka 1935, kulipokuwa na wito nchini Marekani wa kuisusia michezo ya Olimpiki iliyopangwa kufanyika Berlin mwaka uliofuata, Schmeling aliwapelekea viongozi wa michezo wa Marekani hakikisho kwamba wanariadha wao, wakiwemo Wayahudi na weusi, wangetendewa vyema. Wamarekani walikwenda Berlin. Uzeeni mwake Schmeling alikiri kwamba kitendo hicho kilikuwa cha ujinga wa mtu asiyetaka kuona. Hilo ndilo doa kubwa zaidi katika maisha yake, na halihusiani na mwanamke wala pombe, kama ilivyokuwa katika filamu. Alikubali midomo yake ichezeshwe ili sauti ya wengine isikike.

Hata hivyo, palikuwa na jambo moja ambalo hakukubali kulitenda. Aliamriwa mara kwa mara amwache Joe Jacobs, kwa kuwa haikufaa Mjerumani mashuhuri asimamiwe na Myahudi. Alikataa. Mnamo Machi 1935 Schmeling alimshinda Steve Hamas huko Hamburg. Umati uliinua mikono kwa salamu ya Kinazi, na Jacobs, aliyekuwa ulingoni, akainua wake pia, sigara ikiwa baina ya vidole vyake. Picha hiyo iliwaudhi Manazi kwa kuwa Myahudi aliigeuza salamu yao kuwa kichekesho, na ikawaudhi Wayahudi wa New York kwa kuwa mwenzao aliitoa. Schmeling alizidi kufanya kazi na Jacobs.

Pambano Mbili na Joe Louis

Tarehe 19 Juni 1936 Schmeling alipanda ulingo wa uwanja wa Yankee kupambana na Joe Louis, kijana mweusi mwenye umri wa miaka 22, mzaliwa wa Alabama, ambaye hakuwa ameshindwa hata mara moja tangu aanze kupigana kwa malipo. Karibu kila mtu aliamini kwamba Mjerumani huyo wa miaka 30 amekwisha. Lakini Schmeling alikuwa amefanya lile alilolifanya tangu ujana wake: alikuwa ametazama filamu. Alizirudia tena na tena picha za mapambano ya Louis hadi akaona kosa moja. Kila baada ya kurusha ngumi ya kushoto, Louis aliushusha mkono huo chini, na upande mmoja wa uso wake ukabaki wazi. Katika raundi ya nne konde la kulia la Schmeling lilipenya nafasi hiyo na Louis akaanguka. Katika raundi ya 12 alianguka tena, na hakuinuka hadi alipomaliza kuhesabiwa.

Schmeling alirejea nyumbani kwa Hindenburg, chombo kikubwa cha angani mfano wa puto. Hitler alimwalika pamoja na mkewe na mama yake, wakaitazama filamu ya pambano. Kisha ikaamriwa filamu hiyo ionyeshwe katika majumba ya sinema kote nchini, ikapewa jina linalodai kwamba ushindi wa Max Schmeling ni ushindi wa Ujerumani. Kazi ya mtu mmoja aliyekesha akitazama picha, akisaidiwa na meneja Myahudi, iligeuzwa kuwa ushahidi wa ubora wa mbari. Sifa za wasanii wa Berlin hazikumdai mengi. Sifa hizi zilimdai nafsi yake nzima.

Schmeling alistahili sasa kupigania ubingwa dhidi ya James Braddock mwaka 1937. Lakini palikuwa na mashirika ya Marekani yaliyotishia kususia pambano hilo, na wafanyabiashara wa ndondi walihofia taji kuhamia Ujerumani lisirudi tena. Braddock akaamua kupigana na Louis mjini Chicago, na Louis akawa bingwa mpya. Schmeling alibaki na mkataba usiokuwa na pambano.

Walipokutana mara ya pili, tarehe 22 Juni 1938, lilikuwa pambano la watu wawili kwa jina tu. Mbele ya umati wa watu wapatao 70,000 katika uwanja uleule, Louis alimshambulia Schmeling kwa kasi isiyompa nafasi ya kufikiri. Alimwangusha mara tatu. Pambano lilidumu sekunde 124. Schmeling alipelekwa hospitalini akiwa ameumia uti wa mgongo.

Ni vyema tusiisahau kinaya iliyokuwamo upande wa pili pia. Louis alishangiliwa kama mtetezi wa uhuru na taifa ambalo, katika majimbo yake ya kusini, lilikuwa likiwanyima watu weusi haki ya kupiga kura. Muda si mrefu angevaa sare za jeshi ambalo liliwatenga weusi na weupe. Mwaka 1942 aliyatoa malipo ya mapambano mawili kuufadhili mfuko wa jeshi la majini na ule wa jeshi la nchi kavu. Baada ya vita, serikali ya taifa hilohilo ilimwandama kwa madeni ya kodi kwa miaka mingi. Naye pia alikuwa mgema aliyesifiwa, na wasifiaji wake pia walikuwa na haja zao.

Schmeling alisema uzeeni kwamba anaushukuru ule ushindwa wa 1938. Angalishinda, angalifanywa sanamu ya Manazi milele. Aliporejea Berlin, wakubwa waliokuwa wakimwalika walipunguza mialiko. Ngoma ilikuwa imehamia kwingine.

Chumba cha Hoteli

Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938, wafuasi wa Nazi walichoma masinagogi, wakavunja maduka ya Wayahudi na kuwakamata wanaume kwa maelfu kote Ujerumani. David Lewin, Myahudi aliyekuwa rafiki ya Schmeling, alimwomba awafiche wanawe wawili, Henri na Werner. Schmeling aliwachukua akawaweka katika chumba chake cha Hoteli Excelsior mjini Berlin. Aliwaarifu wafanyakazi wa hoteli kwamba anaugua na hataki kuonana na mtu yeyote. Walikaa humo siku kadhaa hadi hatari ilipopungua, kisha akawasaidia kuondoka. Baadaye vijana hao walifanikiwa kuikimbia Ujerumani.

Kosa hilo, lau lingegunduliwa, lingeweza kumgharimu uhai. Kinachostaajabisha zaidi ni kwamba hakulisimulia. Hakulisema baada ya vita, wakati Wajerumani wengi walikuwa wakitafuta kwa udi na uvumba ushahidi wa wema wao. Tukio hilo lilijulikana hadharani mwaka 1989 tu, wakati Henri Lewin, aliyekuwa amekuwa mwenye hoteli huko Las Vegas, alipomwalika katika dhifa na kulieleza mbele ya wageni. Inasemekana kwamba mzee huyo alitokwa na machozi, na kwamba hakupenda kutukuzwa kwa jambo hilo. Miaka 51 ilikuwa imepita.

Tukirejea kwenye filamu ya 1930, hatima za watu walioiunda zinaonyesha jinsi dunia ilivyokuwa ngumu kuliko msuko wao. Schünzel, ambaye mama yake alikuwa Myahudi, alivumiliwa kwa muda kwa sababu filamu zake zilipendwa, kisha akahamia Marekani mwaka 1937. Renate Müller alikufa mwaka huohuo wa 1937, akiwa na miaka 31, baada ya kuanguka kutoka dirishani. Sababu ya kuanguka huko imeendelea kubishaniwa. Olga Tschechowa alibaki, akaigiza, na akaonekana katika karamu za Hitler. Hakuna hata mmoja wao ambaye maamuzi yake yalikuwa mepesi kama yale ya bondia wa filamu.

Baada ya Makofi

Vita vilipozuka, Schmeling aliingizwa katika kikosi cha askari wa miavuli. Mnamo Mei 1941 aliruka katika uvamizi wa kisiwa cha Krete. Habari zilienea kwamba ameuawa, kumbe alikuwa mgonjwa na majeruhi. Alipohojiwa na mwandishi wa Marekani, alikataa kuthibitisha madai ya propaganda kwamba Waingereza walikuwa wamewatendea unyama askari wa Kijerumani, jambo lililowakasirisha wakubwa wake. Joe Jacobs alikuwa amefariki mwaka 1940, upande wa pili wa bahari.

Baada ya vita hakuwa na kitu. Shamba lake lilikuwa upande uliochukuliwa na Poland. Mwaka 1947, akikaribia miaka 42, alirejea ulingoni ili apate riziki. Alipigana mara tano na kushindwa mara mbili, na tarehe 31 Oktoba 1948 akavua glavu kwa mara ya mwisho. Jumla ya mapambano yake yalikuwa 70. Alishinda 56, akashindwa 10 na kutoka sare manne. Fedha alizozipata zilimsaidia kuanza maisha mapya ya ukulima katika kijiji cha Hollenstedt. Mwaka 1957 alipewa uwakala wa kinywaji cha Coca-Cola mjini Hamburg, na biashara hiyo ikamtajirisha.

Mwaka 1954 alisafiri hadi Chicago kumtafuta Joe Louis. Watu wawili waliopigana mbele ya dunia nzima waliketi kuzungumza bila mwamuzi wala umati. Urafiki wao ulidumu. Louis alipofilisika na kuishia kuwa mkaribisha wageni katika jumba la kamari huko Las Vegas, Schmeling alimpelekea fedha kimyakimya. Louis alipofariki mwezi wa Aprili 1981, Schmeling alichangia gharama za mazishi yake.

Anny Ondra alifariki mwaka 1987 baada ya ndoa iliyodumu zaidi ya miaka 50. Hawakujaliwa watoto. Mwaka 1991 Schmeling alianzisha wakfu wa kuwasaidia wazee na maskini. Alifariki tarehe 2 Februari 2005 akiwa na umri wa miaka 99, akazikwa Hollenstedt kando ya mkewe.

Hitimisho

Tulianza na mgema, na yafaa tumrejee. Je, Max Schmeling alilitia tembo maji? Ndiyo, kwa kiasi fulani. Kuna miaka ambayo jina lake lilitumika kuupamba utawala wa mauaji, naye akaruhusu. Haitoshi kusema kwamba alilazimishwa, kwa sababu pale alipoamua kukataa, kama katika jambo la Joe Jacobs, aliweza kukataa. Huyu hakuwa malaika, wala hakuwa shujaa wa upinzani.

Lakini msuko wa filamu ya 1930 hautoshi kumweleza. Filamu ilidai kwamba umaarufu humbadili mtu kwa kumpa anasa. Maisha yake yanatufunza kwamba umaarufu humgeuza mtu kuwa mali ya wengine, na kwamba mtihani mkubwa si kuacha anasa bali ni kutambua ni nani anayenena kwa kinywa chako. Wasanii wa Berlin, magazeti ya New York na viongozi wa Nazi wote walimsifu, na kila mmoja alikuwa akisifu kitu chake mwenyewe.

Katika madarasa yetu tunatofautisha mhusika bapa na mhusika duara. Bondia wa Liebe im Ring ni bapa: anapotea, anajuta, anarudi, pazia linafungwa. Aliyemwigiza ni duara, naye hawezi kufupishwa kwa sentensi moja bila kumdhulumu. Hapa kuna funzo kwetu sisi tunaoandika tawasifu na wasifu wa watu mashuhuri. Neno wasifu lina asili moja na neno sifa, na pengine ndiyo sababu wasifu mwingi tunaousoma ni wa kurundika sifa, na ukigeuka huwa wa kurundika lawama. Mwandishi mwadilifu hupima vyote viwili. Tendo bora kabisa la Schmeling lilifanyika katika chumba kilichofungwa, bila kamera, bila kinasasauti na bila mtu wa kupiga makofi. Na mtendaji alilinyamazia kwa miaka 51. Mgema huyo alijua, angalau usiku ule, kugema pasipo kusifiwa.